Pumzi, Uhai na Neno Prana

Lugha yetu imetutunzia mambo mengi ambayo tunapita juu yake kila siku bila kuyatazama. Mtu akifa tunasema amekata roho. Akichoka tunamwambia apumzike. Tazama maneno haya yalivyo ndugu: pumua, pumzi, pumzika, mapumziko, na hata pumu, ule ugonjwa unaomnyima mtu pumzi. Kwa wazee waliotuachia lugha hii, kupumzika kulikuwa ni kuirudia pumzi yako. Na maneno mawili tuliyoyapata kwa Waarabu, roho na nafsi, nayo huko yalikotoka yana undugu na upepo na pumzi. Yaonekana binadamu popote alipokaa akamtazama mgonjwa mahututi aliona jambo lile lile: kifua kinapanda, kinashuka, kisha hakipandi tena, na yule aliyekuwamo hayumo.

Nimeanza nyumbani kwa makusudi, kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza limetoka Bara Hindi, na nisingependa msomaji adhani kwamba halimhusu. Katika miji ya pwani yetu tumeishi na majirani Wahindu kwa vizazi vingi. Tumenunua kwao nguo na viungo, tumesikia kengele za mahekalu yao, lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuuliza majirani hao wanaamini nini juu ya pumzi. Neno lao ni prana, neno la Kisanskriti lililojengwa juu ya mzizi wenye maana ya kupumua. Hutafsiriwa mara pumzi, mara uhai, mara nguvu ya uhai. Siku hizi limeenea duniani kote katika vitabu na madarasa ya yoga na tafakuri, na mara nyingi huelezwa kana kwamba ni aina fulani ya umeme usioonekana, ambao mtu anaweza kuuvuta, kuujaza mwilini na kuutumia apendavyo.

Mimi nina sababu yangu ya kutaka kujua neno hili lilifikaje hapo. Nina pumu tangu utotoni. Mwenye pumu hasomi habari za pumzi kama anavyosoma habari za nyota. Anazisoma kama maskini anavyosoma habari za bei ya unga.

Maandiko ya kale yanayolieleza jambo hili kwa kirefu ni yale yaitwayo Upanishadi. Mawili kati ya hayo, Brihadaranyaka na Chandogya, wataalamu wengi huyaweka katika karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Yote mawili yana kisa kimoja kinachofanana na zile hadithi tulizosimuliwa za viungo vya mwili vilivyoligomea tumbo. Katika Chandogya kisa chenyewe ni hiki. Wakazi watano wa mwili, yaani usemi, jicho, sikio, akili na pumzi, waligombana, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye bora. Wakaenda kwa baba yao, Prajapati, mola wa viumbe, awaamue. Prajapati hakuwaamua, aliwapa kipimo. Aliye bora, aliwaambia, ni yule ambaye akiondoka, mwili utabaki katika hali mbaya kuliko akiondoka mwingine yeyote.

Basi usemi ukatoka, ukakaa nje mwaka mzima. Uliporudi ukawauliza wenzake walivyoishi bila yeye. Wakamjibu kwamba waliishi kama bubu: hawakusema, lakini walipumua, waliona, walisikia na kufikiri. Likatoka jicho, wakaishi kama vipofu. Likatoka sikio, wakaishi kama viziwi. Ikatoka akili, wakaishi kama watoto wachanga. Ilipofika zamu ya pumzi, haikuwahi hata kufika mlangoni. Ilipoinuka tu, wenzake wote walijihisi wanang'oka pamoja nayo, kama vile farasi mwenye nguvu ashtukapo akang'oa vigingi vyote alivyofungiwa. Wakaisihi isiondoke, wakakiri kwamba ndiyo mkubwa wao. Ndiyo maana, linaeleza andiko hilo, wakazi wote hao huitwa prana, kwa jina la huyo mmoja.

Naomba msomaji aangalie kisa hiki kinasema nini na kinaacha kusema nini. Pumzi haikushinda kwa kuonyesha nguvu zake. Haikupiga mtu wala haikuponya mtu. Ilishinda kwa sababu wengine wote, kumbe, walikuwa wamefungwa kwayo bila wao kujua. Kwa mtunzi wa kale, prana ni jina la kutegemeana, na ukubwa wake ni ukubwa wa yule anayewabeba wengine.

Upanishadi nyingine zikaendeleza wazo hilo. Ile iitwayo Prashna inaifananisha prana na mfalme anayewapangia wakuu wake vijiji vya kutawala. Prana mwenyewe hukaa katika macho, masikio, kinywa na pua. Apana hushughulikia utoaji wa taka. Samana hukaa katikati akigawa chakula kilicholiwa. Vyana huzunguka katika mishipa. Na udana hupanda juu, naye ndiye amchukuaye mtu wakati wa kufa. Upanishadi ya Kaushitaki nayo ina wazo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Inasema kwamba mtu anapozungumza hawezi kuvuta pumzi, hivyo anaitoa pumzi yake sadaka ndani ya usemi; na anapovuta pumzi hawezi kuzungumza, hivyo anautoa usemi sadaka ndani ya pumzi. Sadaka hizi mbili mtu huzitoa bila kukoma, akiwa macho au amelala. Katika zama ambazo dini ilikuwa mambo ya makuhani, moto na mafuta ya samli, hilo lilikuwa neno zito: kila mtu anayepumua anafanya ibada tayari.

Kutoka hapo njia ziligawanyika. Wako waliosema pumzi ishikwe, na wako waliosema itazamwe. Mapokeo ya Wabuddha yanasimulia kwamba Buddha mwenyewe alipokuwa bado anatafuta, aliijaribu njia ya kwanza. Alizuia pumzi puani na kinywani mpaka akasikia upepo ukivuma masikioni kama mivukuto ya mhunzi, na kichwa kikamuuma kana kwamba mtu mwenye nguvu anakikaza kwa ukanda wa ngozi. Hakupata alichokitafuta, akaiacha. Tafakuri aliyokuja kuifundisha baadaye haimlazimishi mtu kuibadili pumzi yake. Anakaa, anaivuta na kuitoa, na anajua: hii ni ndefu, hii ni fupi. Hilo tu, na hilo si dogo.

Wa njia ya kwanza kitabu chao mashuhuri ni Yogasutra cha Patanjali, kilichoandikwa yapata karne ya 4 au ya 5 baada ya Kristo. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nilitegemea kukuta sura nzima juu ya pumzi. Kitabu kina kauli fupi fupi zipatazo 195, na zinazoeleza pranayama, yaani kuizuia na kuirefusha pumzi, ni tano tu, mbali na moja ya mapema inayoigusia. Pranayama ni hatua ya nne kati ya nane. Kabla yake mtu anatakiwa kuacha kudhuru, kusema uongo, kuiba na kutamani mali, na kujifunza kukaa kwa utulivu. Na faida inayotajwa ni hii: kinachofunika nuru hupungua, na akili inakuwa tayari kukaza fikira mahali pamoja. Hapo pa kuponya magonjwa pako wapi? Hapapo.

Habari za kuponya zilikuja kwa nguvu baadaye, katika vitabu vya hatha yoga. Kilicho maarufu zaidi ni Hathapradipika cha Svatmarama, cha karne ya 15. Humo mwili umekuwa nchi yenye mito 72,000, na prana hupita ndani yake. Mto wa kushoto, mto wa kulia, na wa katikati ambao mwenye yoga anajitahidi kuufungua. Humo pia kuna fundisho kwamba pumzi ikitikisika akili hutikisika, na pumzi ikitulia akili hutulia. Mapokeo haya yalizihesabu hata pumzi zenyewe: 21,600 kwa siku moja, usiku na mchana. Nilichukua kalamu nikagawa. Ni pumzi 15 kwa dakika, na daktari yeyote leo atakuambia kwamba mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Watu hawa walikuwa wakitazama kwa makini.

Lakini Svatmarama anatoa pia onyo ambalo walimu wengi wa siku hizi hulipita haraka. Anasema pumzi hufugwa kama simba, tembo au chui anavyofugwa, pole pole, na asiyefanya hivyo itamuua. Pranayama ikifanywa vyema magonjwa huondoka. Ikifanywa vibaya huleta kwikwi, kikohozi, maumivu ya kichwa, masikio na macho, na pumu. Naam, pumu. Niliposoma orodha hiyo nilikifunga kitabu nikakaa kimya.

Nilikaa kimya kwa sababu nilimkumbuka kijana mmoja. Miaka ya nyuma nilihudhuria kwa miezi michache darasa la yoga mjini, na kijana huyo, mwenye pumu kama mimi, alikuwa akikaa mkeka wa jirani. Mwalimu wetu, ambaye sitamtaja, alikuwa mtu mpole na mwenye kuamini kwa dhati aliyoyasema. Alituambia kwamba ugonjwa ni upungufu wa prana tu, na kwamba anayejua kuijaza prana mwilini hana haja ya dawa za dukani. Mimi niliendelea kutembea na dawa yangu ya kuvuta mfukoni. Yule kijana aliiacha yake nyumbani, na wiki chache baadaye alipelekwa hospitali usiku, midomo imegeuka rangi. Namshukuru Mungu alipona. Lakini swali lilibaki nami: je, wahenga wa Bara Hindi walisema hivyo kweli? Prana iligeuka lini kuwa kitu cha kujazwa, kama mafuta kwenye tangi?

Jibu moja, na nadhani ndilo kubwa, limo katika mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1893 mtawa kijana kutoka Kolkata, Swami Vivekananda, alisafiri hadi Chicago kuhutubia Bunge la Dini za Dunia. Wamarekani walimsikiliza kwa mshangao, na yeye akabaki kufundisha. Mafundisho yake ya New York yalichapishwa mwaka 1896 katika kitabu kiitwacho Raja Yoga, na ni vigumu kupata kitabu cha yoga cha siku hizi kisicho na deni kwake. Humo alieleza kwamba ulimwengu umejengwa kwa vitu viwili: akasha, ambayo ndiyo mali ghafi ya kila kitu, na prana, ambayo ndiyo nguvu inayoifinyanga. Mvutano wa dunia ni prana. Sumaku ni prana. Mkondo wa neva ni prana. Hata fikira ni prana. Pumzi ya mapafu, alisema, ni udhihirisho mdogo tu wa nguvu hiyo.

Tumwelewe. Alikuwa mtu wa taifa lililotawaliwa, akizungumza na watu waliodhani dini yake ni ushirikina mtupu. Lugha yenye heshima wakati huo ilikuwa lugha ya fizikia. Wanasayansi wenyewe waliamini kwamba anga lote limejaa kitu chepesi walichokiita etha, ambamo mwanga husafiri. Mwezi Februari 1896 Vivekananda alimwandikia rafiki yake kwamba Nikola Tesla, bingwa wa umeme, alivutiwa sana aliposikia habari za prana na akasha, na kwamba alidhani anaweza kuonyesha kwa hesabu kuwa nguvu na maada zote asili yake ni moja. Swami alifurahi kwamba elimu ya kale ingepata msingi imara. Lakini hesabu hiyo Tesla hakuichapisha. Na etha yenyewe ilikuwa tayari mashakani, kwa kuwa mwaka 1887 Michelson na Morley waliitafuta kwa vipimo vya hali ya juu wasiione. Mwaka 1905 Einstein akaonyesha kwamba haihitajiki. Etha ikafa. Prana iliyokuwa imefungwa kwenye mkokoteni wake ikabaki njiani, imevaa nguo za fizikia iliyokwisha kuzikwa, nasi bado tunauziwa katika nguo hizo.

Kuna jambo moja katika maisha ya Vivekananda ambalo nalitaja kwa heshima. Wanaosimulia maisha yake wanaeleza kwamba aliugua kisukari na pumu. Alifariki tarehe 4 Julai 1902, akiwa na umri wa miaka 39. Sisemi hili kumsuta. Kwangu ni faraja. Mtu aliyeueleza ulimwengu juu ya prana kuliko mwingine yeyote alijua, kama mimi, usiku wa kukaa kitandani umeshika magoti ukiipigania hewa. Hilo halikumfanya mwongo, wala hakuna aliyemwambia kwamba prana yake ilipungua.

Baada yake walikuja watu waliotaka kupima. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha taasisi ya Kaivalyadhama mjini Lonavla, katika milima iliyo kati ya Mumbai na Pune, pamoja na jarida la utafiti, Yoga Mimamsa. Alitumia eksirei na vipimo vya mgandamizo wa hewa. Watu wengi waliamini, na wengi wanaamini hata leo, kwamba siri ya pranayama ni kuvuta oksijeni nyingi. Kuvalayananda, mwenyewe mpenzi wa yoga, alipinga. Aliandika kwamba faida yake isitafutwe katika wingi wa oksijeni. Kisha mwaka 1957 Wenger na Bagchi kutoka Marekani walizunguka Bara Hindi wakipima watu waliosifika kwa kusimamisha moyo. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1961 pamoja na Anand wa Delhi, mapigo ya mkononi yalififia kweli, lakini mashine ilionyesha moyo ukiendelea. Kuzuia pumzi huku misuli ya kifua imekazwa kulipunguza damu inayorudi moyoni, basi.

Je, vipimo hivyo vimebakisha nini? Vimebakisha mengi, na hapa ndipo ninapowaonea fahari wale wahenga. Mapigo ya moyo huyaamuru kwa neno, wala usagaji wa chakula. Pumzi peke yake ina mabwana wawili: huenda yenyewe ukiwa usingizini, na hukutii ukiwa macho. Mwaka 1991 wanasayansi walitambua katika shina la ubongo wa panya wachanga kikundi kidogo cha seli kinachoanzisha mdundo wa kupumua. Na mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha vipimo vya watu 23 wenye afya. Walipowasomesha rozari kwa Kilatini, na walipowasomesha maneno matakatifu ya yoga, kupumua kulipungua hadi kufikia takriban mara 6 kwa dakika, na midundo ya moyo na ya shinikizo la damu ikapatana. Bibi wa Kikatoliki na mtawa wa Bara Hindi walikuwa wamefika kwenye mlango mmoja bila kujuana. Hapakuwa na umeme wowote wa ajabu. Palikuwa na utulivu, ambao Patanjali ndio alioutaja.

Kwa wagonjwa wa pumu, mazoezi ya kupumua yamewasaidia baadhi kuishi vizuri zaidi na hali yao, na mimi ni mmoja wao. Hayachukui nafasi ya dawa. Anayesema yanachukua hasemi kwa niaba ya wahenga, kwa kuwa wao walituachia onyo lenye jina la ugonjwa wetu.

Nimalizie kwa jambo ambalo mwenye pumu analijua kwa mwili wake. Wengi hudhani taabu yetu ni kukosa kuvuta hewa. Taabu kubwa ni kuitoa. Hewa imeingia, njia zimebana, haitoki, na kifua kimejaa kitu ambacho hakifai tena. Kwa hiyo ninaposikia mafundisho ya kulimbikiza prana, mwili wangu unakataa kabla akili yangu haijajibu. Pumzi iliyolimbikizwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Afya ni kupokea na kuachilia, mara 21,600, leo na kesho, mpaka siku ile ya mwisho tutakapoitoa tusiivute tena. Nadhani yule mtunzi wa Kaushitaki, aliyeona kwamba kila pumzi ni sadaka, angenielewa. Sadaka ni kitu ambacho hakikai mkononi.